Zadock Hakubadilishwa Zamu

Mwone kwanza anavyofika. Ni Jumamosi asubuhi, mwezi wa sita mwaka 1994. Korola ya rangi ya maziwa yaliyochacha inaacha lami huko Inver Grove Heights, Amerika, inashika njia ya vumbi inayoteremka kuelekea Mto Mississippi, inasimama kando ya malori mawili. Mlango unafunguka. Anashuka mwanamume mrefu, mwembamba, wa umri wa miaka arobaini hivi. Amevaa sare ya buluu ya wahudumu wa nyumba ya wazee, kitambulisho bado kinaning'inia kifuani, macho mekundu kwa kukesha. Ananyoosha mgongo, anapiga mwayo, anatazama mbele. Mwayo unakatika katikati.

Mbele yake kuna ngome.

Usifikirie ngome ya mawe. Hii ilikuwa ya udongo: mapande ya nyasi yaliyokatwa na jembe, yakapangwa moja juu ya jingine mpaka yakapita kimo cha mtu, na juu yake uzio wa magogo yaliyochongwa ncha. Nje kulikuwa na handaki. Katikati, geti la mbao nzito lenye jukwaa la mlinzi juu yake. Na mlinzi mwenyewe alikuwapo, kijana mweupe mwenye kofia ya chuma na ngao ya mviringo, ameegemea mkuki wake, nje kaipa mgongo, anakula krisps kutoka kwenye mfuko.

Zadock alisogea mpaka ukingo wa handaki. Kisha akamwuliza kwa Kiingereza chake cha taratibu, "Kijana, adui wako anatokea ndani ya huo mfuko?"

Kijana akacheka, akageuka, akasimama wima. Na hivyo ndivyo Zadock wa Kisii, mhudumu wa usiku katika nyumba ya wazee huko Maplewood, alivyoingia katika jeshi la Roma.

Hakuwa amekuja kwa ajili ya jeshi. Alikuwa amemleta Kassian tu, kijana wa Kitanzania aliyekuwa akisoma historia chuo kikuu, kwa sababu basi halifiki kule na Kassian hakuwa na gari. Njiani Kassian alikuwa amemweleza habari za watu wa ngome hiyo. Siku za kazi ni mafundi na wauza duka. Wikendi wanavaa deraya, yaani mavazi ya chuma ya vita, walizofuma wenyewe, kikuku kwa kikuku, wanaishi kama walivyoishi askari wa mpakani miaka elfu moja na mia tisa iliyopita, kule Uingereza ya kaskazini, kwenye ukuta mrefu wa mpaka, mwisho wa dola.

"Ila hawaigizi Warumi wenyewe, kaka Zadock," Kassian alisema. "Wanaigiza wale askari wa kigeni. Roma ilikuwa ikichukua vijana wa makabila iliyoyatawala, inawavisha, inawapeleka mbali wakalinde mipaka yake. Msiria analinda baridi ya Uingereza. Mtu wa mto Tigri anaendesha mashua kule kaskazini. Huyu wa huku anapelekwa kule, wa kule analetwa huku."

"Hawampangi mtu kazi kwao," alisema Zadock.

"Mara nyingi hapana. Hasa waliowahi kuasi."

"Serikali ni serikali," akasema Zadock, akaongeza mwendo wa gari.

Hapo ni lazima nikueleze jambo. Kabla ya kuja Amerika, Zadock alikuwa askari wa utawala, na sehemu kubwa ya utumishi wake aliimaliza katika kituo kimoja kaskazini ya Kenya, jirani na mpaka wa Somalia. Yeye mtoto wa milima ya ndizi na mvua ya kila alasiri, akapelekwa mahali ambapo mvua ni habari ya kusimuliwa. Wenyeji walimwita mgeni. Walimwuliza ametoka nchi gani, akajibu Kenya, wakacheka wakamwuliza tena. Alijifunza salamu zao, akajifunza chai ya maziwa ya ngamia, akajifunza kulala na viatu. Kituo kilikuwa na ukuta wa magunia ya mchanga, seng'enge, na geti moja la mabati. Na geti hilo lilikuwa na sheria moja ambayo sajini wao, Mturkana mfupi asiyependa maneno, aliwaimbia mpaka ikaingia kwenye mifupa: haingii mtu bila neno la zamu, na hatoki mlinzi getini mpaka abadilishwe na mlinzi mwenzake. Siku moja mkubwa wa wilaya alifika akiwa na bendera kwenye gari. Sajini alimwacha juani mpaka akalisema neno. Yule mkubwa alilisema, akaingia, akamshukuru. Zadock aliliona kwa macho yake.

Basi unaweza kuelewa moyo wake ulivyoruka pale Inver Grove Heights alipomsikia kiongozi wa kikundi akieleza utaratibu wao. Kiongozi aliitwa Halvorson, fundi wa mabomba kutoka Saint Paul, mtu mnene mwenye mikono kama makasia na sauti ya kanisani. Alikuwa amejenga nusu ya ngome ile kwa mikono yake. Alimwonyesha Zadock kibao kidogo cha mbao.

"Kila alfajiri," alisema Halvorson, "ninaandika neno la siku hapa. Kibao kinapita hema kwa hema, kila mtu anasoma, kinarudi kwangu. Ndivyo walivyofanya wao. Asiye na neno haingii."

"Hata wewe?" aliuliza Zadock.

"Hata mimi," akajibu Halvorson, na akampa mkono.

Miaka miwili Zadock aliitumikia ngome ile kila alipopata wikendi. Halvorson alimfundisha kufuma deraya, akamshonea viatu vya ngozi vyenye misumari kwa chini. Zadock aliwafundisha kusimama zamu, yaani kutazama mbali halafu karibu, kushoto halafu kulia, bila kuchezesha miguu. Wakati betri ya Korola ilipokufa katika baridi ya Januari, ni Halvorson aliyefika na lori lake akaiamsha. Walikuwa marafiki, na ninataka ulijue hilo kabla sijaendelea.

Nyumbani kwake, kwenye fleti yao ndogo Columbia Heights, hawakumwelewa. Mkewe Kemunto alikuwa akifanya kazi hospitalini, na siku zake za kupumzika alitaka kupumzika. Rafiki yao Gitonga, dereva wa teksi aliyekuwa akija kula kwao kila Jumapili baada ya kanisa, alimfanya kuwa chakula cha pili kwa utani wake.

"Afande," Gitonga alisema, "hebu nisaidie. Wakenya wote hapa wana-chase ovataimu. Wewe una-drive mpaka Inver Grove kulinda majani ya watu bila mshahara?"

"Si majani. Ni ukuta."

"Ukuta wa majani. Ng'ombe mmoja akipita, mpaka umekwisha."

"Na ng'ombe huyo hatapita," alisema Zadock, "kwa sababu hana neno."

Fiona, binti yao wa miaka tisa, alicheka mpaka akamwaga juisi. Alisikia kila kitu kwa Kiswahili na kujibu kila kitu kwa Kiingereza. Alisema baba yake ndiye askari wa Roma pekee anayekwenda vitani na chupa ya chai.

Mambo yaligeuka mwaka 1996. Kikundi kilikubali kufanya onyesho kubwa mwishoni mwa kiangazi, watu wa mjini waalikwe, familia zije na vikapu vyao. Walikutana kupanga katika gereji ya Halvorson, wamekaa juu ya ndoo na masanduku ya vifaa vya bomba. Halvorson alikuwa na kitabu mapajani. Alieleza: asubuhi, zamu na mazoezi. Saa nane mchana kikosi kinarudi kutoka mtoni kwa maandamano, kinaleta mateka, mshenzi aliyekamatwa ng'ambo ya ukuta, amefungwa kamba, anapitishwa getini mbele ya watu.

"Na mateka," akasema, akitazama kitabu zaidi ya alivyotazama watu, "tumefikiria awe Zadock."

Kassian aliinua kichwa. Zadock akauliza, "Kwa nini mimi?"

"Kikosi chetu kinaigiza Watungri. Walitoka nchi ambayo leo ni Ubelgiji. Watu watakuja na maswali, Zadock. Wataniuliza askari Mweusi alifikaje katika kikosi cha Watungri. Kassian yuko katikati ya safu, lakini wewe ndiye wa getini, wanakuona kwanza. Mimi nataka tuwe sahihi."

"Kamanda, kulikuwa na Wamoori," alisema Kassian. "Kutoka Afrika ya kaskazini. Walikuwa na kikosi chao kwenye ukuta uleule wa mpaka, upande wa magharibi. Jina lao limeandikwa kwenye jiwe."

"Najua. Lakini hiyo ni baadaye sana, na ni ngome nyingine."

Zadock alimpungia Kassian mkono anyamaze. "Acha Wamoori, mwalimu. Hata asingekuwako mmoja, mimi niko." Kisha akamgeukia Halvorson. "Kamanda, babu zako walitoka wapi?"

"Norwei."

"Norwei ilikuwa ndani ya Roma?"

Halvorson akafunga kitabu. Zadock akamwelekezea kidole kijana wa krisps, ambaye sasa alikuwa mlinzi mzuri kabisa. "Na wewe?"

"Ayalandi," akasema kijana. "Na yenyewe haikuwa ndani."

"Wewe?"

"Uswidi."

"Wewe pale?"

"Bibi yangu alikuwa Mfini," akasema wa nne, na sasa gereji nzima ilikuwa ikicheka, isipokuwa mwenye gereji.

"Basi kwa kitabu chenu," alisema Zadock, "hapa hakuna Mtungri hata mmoja. Nyote mlikuwa ng'ambo ya ukuta. Mimi pia nilikuwa ng'ambo, sikatai. Tuko sawa. Swali langu ni dogo. Kwa nini kamba ni yangu peke yangu?"

Shingo ya Halvorson iligeuka nyekundu, wekundu ukapanda mpaka masikioni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyekwisha kusema jambo mbele za watu, na hakujua njia ya kurudi. "Ni onyesho tu," alisema. "Dakika chache. Asubuhi yote utasimama getini kama kawaida yako. Saa nane unashuka, unabadili nguo, tunakupitisha getini. Tumemaliza?"

Wengine walitazama sakafu. Zadock alinyamaza, nao wakaondoka na kimya chake kama vile wameondoka na kibali.

Jioni ile Kemunto alimsikiliza mpaka mwisho huku akikunja nguo. "Kwa hiyo utafungwa kamba, Baba Fiona? Mbele ya mtoto?"

"Sijasema nitafungwa."

"Umesema hutafungwa?"

"Sijasema pia."

"Basi acha kwenda. Rudisha hayo mavazi yao, Jumamosi ulale kama watu."

"Nikikaa nyumbani nimejiondoa mwenyewe," alisema Zadock. "Watasema hakuwahi kuwa askari, alikuwa mgeni aliyepita. Mimi nimesimama pale miaka miwili, Kemunto. Nimeupanga ule ukuta kwa mikono hii. Nikitoka, nitatoka kama askari anavyotoka."

Gitonga, aliyekuwa akila ugali, alitikisa kichwa. "Na askari anatoka vipi, Afande?"

"Kwa kubadilishwa."

Siku yenyewe ilikuwa na jua la upole, na nzi wachache. Alfajiri kibao kilipita hema kwa hema. Zadock alisoma neno, akakirudisha, akapanda jukwaani na mkuki wake. Watu walianza kufika, wakatandika mablanketi kwenye nyasi ng'ambo ya handaki, wakafungua vikapu. Saa sita Halvorson akatoka na kikosi kizima kuelekea mtoni, ngoma mbele, na geti likafungwa nyuma yao. Ndani alibaki Zadock, na mpishi mmoja aliyekuwa akichochea uji wa shayiri ambao hakuna aliyeutaka.

Kemunto alifika na Fiona, Gitonga nyuma yao na thamosi. Fiona alikimbilia getini moja kwa moja, akamwita baba yake amfungulie.

"Neno?" akauliza Zadock kutoka juu.

"Baba, ni mimi." Alisema kwa Kiingereza, kama kawaida.

"Nakuona. Neno?"

"Silijui."

"Basi kaa na mama yako. Nakupenda. Usiingie handakini, kuna matope."

Gitonga alikunja mikono. "Huyu jamaa ameshindikana," alimwambia Kemunto, lakini akakaa chini mahali ambapo angeona vizuri.

Saa nane ilipofika, ngoma ilisikika. Kikosi kilipanda kutoka mtoni kwa safu mbili, deraya zikimeta, na watu wote wakasimama. Halvorson alikuwa mbele, kofia yake ina shungi jekundu. Chini ya kwapa la kushoto alibeba furushi la nguo za magunia, na juu yake kamba mpya ya katani. Alitangulia mwenyewe kumletea mateka wake nguo.

Alisimama mbele ya geti. "Fungua."

"Nani anakuja?" Zadock aliita kwa sauti ya zamu, ile inayokwenda mbali bila kupiga kelele.

"Zadock, ni saa nane."

"Nani anakuja?"

"Kamanda wa kikosi," Halvorson alisema kwa sauti kubwa zaidi, akitabasamu kuelekea kwa watu. Walipiga makofi. Walidhani ni sehemu ya onyesho.

"Karibu, Kamanda. Neno?"

Tabasamu likabaki midomoni lakini likaondoka machoni. Halvorson alisogea mpaka mbaoni, akashusha sauti. "Umeshaeleweka. Shuka uvae. Watu wanangoja."

"Siwezi kushuka. Sijabadilishwa."

"Mimi ninakubadilisha."

"Mlinzi anabadilishwa na mlinzi mwenye neno. Wewe ulitufundisha. Sema neno, niletee mtu wa zamu, nitashuka."

"Na utavaa?"

Zadock hakutazama furushi. Alikuwa akitazama mbali halafu karibu, kushoto halafu kulia, kama alivyowafundisha. "Nikishuka nimebadilishwa zamu, mimi ni askari aliyemaliza zamu. Askari aliyemaliza zamu anakwenda kula. Hakuna ngome duniani ambayo mlinzi akishuka getini anafungwa kamba na wenzake."

"Neno nimeliandika mimi," alisema Halvorson.

"Ndiyo maana najua unalijua."

Sasa fikiria hali ya mtu huyu, Halvorson. Neno liko mdomoni mwake. Ni lake. Kulisema kungechukua muda wa kukohoa. Lakini akilisema, mbele ya watu wote hawa, atakuwa amekubali kwamba mtu aliye juu ya geti ni mlinzi wake, na mlinzi hageuzwi mshenzi kwa kubadilishwa nguo. Alilifahamu hilo vizuri kama alivyolifahamu Zadock. Alisimama pale, jasho likimtoka chini ya kofia.

Watoto walianza kupiga kelele kutoka kwenye mablanketi: sema neno, sema neno. Fiona alikuwa miongoni mwao, na sauti yake ndiyo iliyokuwa juu.

Kisha kijana wa krisps akatoka kwenye safu. Alimpita kamanda wake bila kumtazama, akasogeza mdomo kwenye ufa wa mbao, akanong'ona. Zadock alishuka ngazi, akafungua kilango kidogo kilichokuwa ndani ya geti, akamwingiza, akakifunga. Akapanda tena. Wa pili alikuja, akanong'ona, akaingia. Wa tatu. Kassian alipofika, alilisema neno kwa matamshi ya kitabu, na Zadock akamwambia, "Polepole, mwalimu, si mtihani." Mmoja mmoja kikosi kizima kiliingia, na kila mara kilango kilifungwa na Zadock akarudi juu.

Halvorson alibaki peke yake nje, na furushi lake.

Alitazama geti. Alitazama watu. Halafu akafanya jambo ambalo hata leo, wale waliokuwapo wakikutana, hawaamini kwamba waliliona. Aliitupa kamba chini, akashuka handakini, akaanza kuupanda ukuta.

Alikuwa mnene, na deraya ile nzito. Pande la nyasi likang'oka chini ya kiatu chake, akateleza mpaka matopeni. Akapanda tena. Shungi jekundu lilinaswa kwenye ncha ya gogo, kofia ikamtoka, ikabingirika mpaka chini, na hakuirudia. Alivuka uzio kwa tumbo, akaanguka ndani. Gitonga alisema baadaye kwamba ameona wezi wakiruka kuta nyingi Nairobi, lakini hajapata kumwona mtu akiruka kuingia kwake mwenyewe.

Hakuna aliyepiga makofi.

Halvorson alikuja mpaka chini ya jukwaa, magoti yamejaa tope. "Haya," alisema, akihema. "Nimo ndani. Mlinzi gani wewe?"

Zadock hakugeuka. "Mimi nimepewa geti," alisema. "Ukuta nilipewa na nani?"

"Umenivunjia onyesho."

"Onyesho lilikuwa na kamba. Kamba iko nje, mahali ulipoitupa. Ukitaka kwenda kuichukua, nitakufungulia. Kurudi, utahitaji neno."

"Leo ni mwisho wako hapa."

"Sawa. Nikibadilishwa."

Alisimama pale alasiri yote. Watu walikusanya vikapu vyao wakaondoka, wengine wakimpungia mkono kutoka mbali, naye hakupunga kwa sababu mlinzi hapungi. Kemunto alikuja mpaka ukingo wa handaki, akamtazama kwa muda mrefu. Hakumwomba ashuke. Alimwambia tu, "Chai nimekuachia garini, Baba Fiona," na sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya wakati alipokuwa akimwandikia barua kule kaskazini. Jua lilipogusa miti ya ng'ambo ya mto, Kassian alipanda ngazi akiwa na kofia na ngao, akasema neno, akapokea mkuki. Zadock akashuka. Aliweka deraya yake juu ya sanduku la vifaa, imekunjwa vizuri. Viatu alivichukua, kwa kuwa alipewa. Akaenda Maplewood kuwahi zamu yake nyingine.

Majani yalianguka, theluji ikaja, na simu haikulia. Kassian alikuwa akileta habari. Halvorson aliurekebisha ukuta peke yake, lile pande lililong'oka akalipanga upya. Wenzake walimwambia kwamba hawatatoka na mateka tena, awe awaye yote. Naye hakubisha. Halafu Kassian akaleta habari nyingine, kwamba kamanda anatafuta namna.

"Namna ya nini?" aliuliza Kemunto.

"Ya kumwambia kaka Zadock arudi. Anasema geti ni lake."

"Aje aseme mwenyewe," alisema Zadock. "Anajua njia. Aliwahi kuja kuamsha gari."

"Akija utamkubali?" Gitonga aliuliza.

"Akija kama askari."

Kwa majira hayo yote, Kemunto alijaribu kumtoa mumewe neno la siku ile. Alijaribu wakati wa chai, alijaribu wakati wa kumkanda mgongo. Fiona alijaribu kwa kukisia, maneno mengi sana, mengine machafu kidogo. Zadock alikataa. Alisema zamu ya siku ile haijafungwa, kwa sababu mtu mmoja aliingia bila neno. Mimi pia, ninayekusimulia, sikuambiwa, na nimekunywa chai yao mara nyingi.

Halafu ikafika Jumapili moja ya mwezi wa nne. Theluji ilikuwa imeyeyuka kwenye maegesho ya Columbia Heights, ikaacha chumvi na matope. Gitonga alikuwa mezani. Kemunto alikuwa akipakua wali. Mlango ukagongwa, mara tatu, kwa mkono mzito.

Fiona alikimbia akachungulia kwenye kitundu cha mlango. Alirudi kwa vidole vya miguu, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alisema kwa Kiswahili, "Ni yule mtu aliyeanguka."

Zadock aliinuka. Alichungulia na yeye. Halvorson alikuwa amesimama katika ukumbi mwembamba wa jengo, amevaa koti la kanisani, nywele zimechanwa kwa maji. Mkononi alishika ile deraya iliyokunjwa. Kamba hakuwa nayo. Midomo yake ilikuwa ikitembea, kama mtu anayejaribu jambo kabla ya kulisema.

Zadock aliweka mkono kwenye kitasa, lakini hakukizungusha. Akauliza kwa sauti ile ya zamu, isiyo kubwa, "Nani anakuja?"

"Halvorson," ilijibu sauti ya nje. Haikusema kamanda.

"Karibu, Halvorson. Neno?"

Wali ulikuwa ukipoa. Gitonga aliweka kijiko chini taratibu. Kupitia mlango ilisikika pumzi ya mtu mnene aliyepanda ngazi, ikiingia, ikitoka, na kwa mbali kama herufi ya kwanza ya neno ambayo haikufuatwa na ya pili.

"Baba Fiona," alisema Kemunto, "mtu amekuja mwenyewe mpaka mlangoni. Mfungulie."

Mkono wa Zadock ulikuwa bado kwenye kitasa. Kama ungekuwa wako, ungekizungusha, au ungengoja herufi ya pili?